Kutafuta Nyumba ya Kupanga: Mtandaoni au kwa Dalali?

Mlaji aliyepunjwa sukari dukani hupoteza kidogo, na kesho yake huhamia duka jingine. Aliyekosea kupanga nyumba hana nafasi hiyo. Katika jiji la Dar es Salaam wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, hata ya mwaka mzima, kabla ya kukabidhi ufunguo. Akiba ya muda mrefu hutoka mkononi kwa siku moja. Katika somo hili tunalinganisha njia mbili za kutafuta nyumba, kisha tunaeleza namna ya kujikinga katika kila moja.

Njia ya dalali

Kwa desturi, dalali hulipwa na mpangaji, na malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja. Tuchukue mfano wa chumba na sebule kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni shilingi 1,200,000. Ukiongeza malipo ya dalali, unahitaji shilingi 1,400,000. Madalali wengi hutoza pia ada ya kuonyeshwa nyumba, ambayo hairudishwi hata kama hukupenda ulichokiona. Ikiwa ada hiyo ni shilingi 10,000 na umezungushwa na madalali watano, umekwisha kutumia shilingi 50,000 na bado huna pa kulala.

Anachouza dalali ni ujuzi wake wa mtaa. Dalali mwema anajua nyumba itakayoachwa wazi mwezi ujao, mwenye nyumba asiyetaka wapangaji wenye watoto, na kisima chenye maji ya chumvi. Hata hivyo, yeye hupata malipo yake pale tu unapolipa wewe. Akikuambia kuwa mteja mwingine anakuja na fedha jioni hii, usiyafanye maneno hayo kuwa sababu ya kuacha uchunguzi.

Njia ya mtandao

Faida kubwa ya mtandao ni kulinganisha. Ukiwa umekaa nyumbani, unaweza kupima bei za Mbagala, Kimara na Kigamboni bila kulipa nauli wala ada ya kuonyeshwa. Lakini picha haisemi yote. Picha iliyopigwa kiangazi haionyeshi maji yanavyoingia ndani wakati wa masika katika nyumba zilizo karibu na bonde la Msimbazi.

Tena, matangazo mengi huwekwa na madalali wenyewe. Nyumba moja yaweza kutangazwa mara tatu kwa bei tatu, na malipo ya mwezi mmoja yakakungoja palepale. Uliza mapema: anayetangaza ni mwenye nyumba au dalali?

Hatari iliyo kubwa zaidi ni tangazo la nyumba nzuri kwa bei ya chini mno, likifuatiwa na ombi la kutuma fedha za kuishikilia kabla hujaiona. Huu ni ndugu wa ule ujumbe wa simu unaojifanya umetoka kwa baba mwenye nyumba na kukutaka utume kodi kwenye namba nyingine.

Ushauri wetu ni huu: tumia mtandao kujua bei na dalali kuijua mitaa, lakini kazi ya kuthibitisha ifanye mwenyewe.

Kabla ya kulipa

1. Ione nyumba kwa macho yako. Fungua bomba, tazama alama za maji ukutani, na uliza kama mita ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia.

2. Mtambue mwenye nyumba. Omba kitambulisho chake, zungumza na majirani, na ulizia ofisi ya serikali ya mtaa. Anayepangisha kwa niaba ya mwingine aonyeshe idhini ya maandishi.

3. Andikeni mkataba wenye majina, kiasi cha kodi, muda, notisi, matengenezo, na nani atalipia maji na umeme. Utiwe saini mbele ya shahidi.

4. Lipa kwa benki au kwa simu, na hakikisha jina linalotokea linafanana na lililo katika mkataba. Dai stakabadhi.

5. Kubaliana na dalali kiasi cha malipo yake tangu mwanzo, na umlipe baada ya kupata mkataba na ufunguo.

Ukipatwa na tatizo

Ukitapeliwa, ijulishe kampuni ya simu au benki yako mara moja, kisha toa taarifa polisi ukiwa na ujumbe, namba na kumbukumbu za miamala. Usivifute. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba iliyotuma ujumbe wa kitapeli iripoti kwa kuituma kwenda 15040.

Mgogoro kati yako na mwenye nyumba upelekwe kwanza Baraza la Kata kwa suluhu. Isipopatikana, unaweza kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa mkataba na stakabadhi. Vitunze kwa muda wote unaoishi katika nyumba hiyo, na hata baada ya kuhama.