Kupiga Picha za Gati kwa Nyeusi na Nyeupe

Nataka kuwaeleza machache juu ya kupiga picha za gati kwa nyeusi na nyeupe. Huenda mtu akauliza: Kwa nini nyeusi na nyeupe, na siku hizi hata simu ya mfukoni hutoa rangi zote? Jibu ni hili: picha ya rangi humwonyesha mtu vitu vingi kwa mara moja, bali picha isiyo na rangi humlazimisha kutazama mambo mawili tu, yaani mwanga na kivuli. Gati lina vyote viwili kwa wingi. Nguzo ni nyeusi, maji yang'aa, na watu wamo katikati. Asiyejua kanuni za kazi hii atapata nguzo nzuri na maji mazuri, lakini watu wake watakuwa kama masizi.

GATI LA MATEMBEZI NA GATI LA KAZI

Huko Uingereza watu walijenga magati mengi ya kupungia upepo tu. Lile la Southend lapita kilomita 2 kwa urefu. Wapiga picha wengi hupenda kuyapiga magati ya namna hiyo yakiwa matupu. Huacha mlango wa kamera wazi kwa muda mrefu, pengine nusu dakika au zaidi, na mawimbi yakawa laini kama ukungu. Picha hizo hupendeza sana. Lakini jueni kwamba mtu apitaye mbele ya kamera iliyoachwa wazi hivyo hutoweka, asionekane hata kivuli chake.

Kwetu hapana gati la matembezi. Pale Nchelenge, jirani ya Kashikishi, watu hupanda boti kwenda kisiwa cha Kilwa. (Msomaji wa pwani asidhani ni Kilwa ya Tanzania, kisiwa hiki kimo ndani ya Ziwa Mweru.) Wengine huvuka kwenda Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni. Mizigo hupanda na kushuka: magunia, baiskeli, samaki wakavu. Kwa hiyo mtindo wa kuufanya watu watoweke haufai hapa. Gati letu bila wachukuzi si gati, ni nguzo tu.

JUA NA SAA ZAKE

Kashikishi ipo upande wa mashariki wa ziwa. Asubuhi jua hutoka nchi kavu, nyuma yako wewe utazamaye maji, likamulika nyuso za watu washukao botini. Saa 1 hadi saa 3 ndio wakati bora wa kupiga watu. Mchana mwanga ni mbaya, hasa katikati ya Oktoba na mwisho wa Februari, jua lipitapo utosini. Macho ya mtu hufichwa na kivuli cha paji lake mwenyewe. Jioni jua hutua juu ya maji, upande wa Kongo, na cho chote kilicho kati yako na jua huwa cheusi. Saa hiyo yafaa kwa umbo la nguzo, nyavu na mitumbwi, wala si kwa nyuso.

Majira nayo yana kazi yake. Kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna moshi wa mioto ya nyasi. Nguzo za karibu huonekana nyeusi, za mbali hufifia, na picha ikapata kina. Wakati wa mvua huja mawingu makubwa. Hapo mwenye kamera ya filamu atie kioo cha manjano mbele ya lenzi: anga la buluu litazidi kuwa jeusi na mawingu yatajitokeza. Lakini asisahau kufungua tundu nafasi moja zaidi, kwa sababu kioo hicho hula mwanga.

KUPIMA MWANGA

Sikilizeni vema, maana hapa ndipo wengi huharibu. Kwa jua kali lililo nyuma yako, kanuni ya zamani ni hii: filamu ya namba 125, tundu namba 16, mwendo wa sehemu 1 ya 125 ya sekunde.

Jua likiwa mbele yako, kanuni hiyo haitoshi. Wala kipimo kilichomo ndani ya kamera kisiaminiwe, kwa kuwa hakijui kinachotazama. Hudhani kila kitu duniani ni cha kijivu. Kikiona maji yanayong'aa, hufikiri mwanga umezidi, kikaupunguza. Maji yatatoka vizuri, na mchukuzi mwenye ngozi nyeusi atapoteza macho, pua na kinywa.

Dawa yake ni kupima ngozi, si maji. Weka nyuma ya mkono wako katika mwanga ule ule umpatao yule mtu, kama ngozi zenu zalingana, upime hapo. Kisha funga tundu nafasi moja, ili ngozi ibaki nyeusi kama ilivyo. Kama huwezi kupima, toka namba 16 ufungue mpaka namba 8. Mwenye simu aguse uso wa mtu katika kioo cha simu, nayo itapima hapo. Ni kweli, maji nyuma yake yatakuwa meupe kabisa. Yaacheni yawe meupe. Maji hayana mama atakayeuliza picha ya mwanawe.

Jambo hili si dogo. Kwa miaka mingi viwanda vya filamu za rangi vilitengeneza vipimo vyao kwa picha ya mwanamke Mzungu, na nyuso nyeusi zikatoka vibaya. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1970 na baadaye. Katika nyeusi na nyeupe, mwenye kamera anayo nafasi kubwa ya kuamua mwenyewe. Basi asiamue kwa uvivu.

KUSHIKA KAMERA, NA RUHUSA

Gati la mbao hutikisika watu wapitapo. Usiegemee nguzo, simama imara, pumua taratibu, utumie mwendo wa sehemu 1 ya 250. Tuna bahati kwamba maji ya Mweru hayana chumvi, maana ya bahari hula chuma cha kamera.

Hapa ni karibu na mpaka, kwa hiyo sharti umwombe ruhusa ofisa wa gati kwanza. Halafu umwombe na mwenye uso. Msalimu mtu wa hapa "Mwapoleni mukwai," na mgeni wa Kongo "Jambo," ueleze shida yako. Akikataa, shukuru uondoke. Akikubali, mpelekee nakala yake.

KUSAFISHA FILAMU

Dawa ya kwanza yataka joto la nyuzi 20 hivi. Maji yetu huwa na joto zaidi, nayo filamu huiva upesi mno. Maji yaliyolala ndani ya mtungi wa udongo hupoa. Tumia hayo, upime kwa kipimajoto.

ZOEZI

Chagua nguzo moja. Ipige asubuhi, mchana na jioni, uzilinganishe picha tatu. Kisha mwombe mtu mmoja asimame kando yake, umpige mara mbili: kwanza kwa kupima maji, pili kwa kupima mkono wako. Mwisho, rudi pale pale mwezi wa Januari na mwezi wa Mei. Serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaana, na maji hupanda na kushuka. Alama ya maji juu ya nguzo itakuonyesha.

Picha ya namna hii huzidi thamani kwa kukaa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua duka lake la picha, Capital Art Studio, mjini Unguja, na picha zake za nyeusi na nyeupe watu huziendea mpaka leo. Nguzo za gati letu zitaoza, nyingine zitasimamishwa. Ninyi mlio na kamera, wachukuzi wa leo wamo mikononi mwenu. Pimeni uso kwanza.