Dondoo muhimu: Kuvua perege kwa ndoana bwawani Igombe

Ukitoka Itetemia, Bwawa la Igombe liko upande wa pili wa mji, kaskazini mwa Tabora. Anza safari kabla jua halijachomoza, maana perege hula vizuri asubuhi na jioni.

Mdomo wa perege ni mdogo, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ndoana kubwa huliwa chambo tu. Chukua ndoana ndogo, mshipi mwembamba, chubwi kidogo na boya jepesi; kipande cha bua kinatosha. Nyungunyungu ni chambo kizuri, na donge la ugali mgumu pia. Boya likitikisika, subiri. Likizama au likivutwa pembeni, inua ufito. Tupa karibu na majani na visiki, si katikati ya bwawa.

Kambale ni habari nyingine: huyo mngoje usiku, kwa ndoana kubwa na kipande cha ini.

Uliza wenyeji kuhusu mamba kabla hujaingiza mguu majini, na uliza kuhusu leseni. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakuhusu hata ukiwa na ufito mmoja. Sumu na baruti ni marufuku, na bwawa hili lilijengwa ili watu wa Tabora wapate maji.

Perege jike hulea mayai na vifaranga mdomoni. Ukimnasa akiwa nayo, tafadhali mrudishe majini haraka.