Homa ya mgonjwa wa kemo haingoji kukuche

Ukiwa na mgonjwa wa saratani anayechomwa dripu za kemo, nunua kipimajoto kabla ya kununua kitu kingine chochote. Asali na unga wa lishe vitafuata, na majirani watavileta hata usipoomba.

Kemo huua chembe zinazogawanyika haraka. Za saratani zimo, lakini zimo pia za mizizi ya nywele, za utando wa kinywa, na za uboho unaotengeneza damu. Nywele zikinyonyoka kila mtu anaona, basi ndizo zinazoliliwa. Chembe nyeupe za damu, zinazopambana na vijidudu, hushuka bila mtu kujua. Mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, wakati mgonjwa ameshaanza kula vizuri na nyumba nzima imeshusha pumzi. Zizungushie duara siku hizo kwenye kalenda.

Joto likifika nyuzi 38, au mgonjwa akianza kutetemeka kwa baridi, mpelekeni hospitali muda huohuo, hata kama ni saa nane usiku. Nauli ya usiku na namba ya dereva viwe tayari tangu mchana. Taabu ni kwamba kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo: mtu anapewa panadol, anafunikwa shuka, anaambiwa asubuhi tutakwenda kupima. Panadol hushusha joto huku maambukizi yakiendelea kusambaa kwenye damu. Kwa hiyo pima kwanza, tena kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Mkifika mapokezi msiseme tu kwamba ana homa. Semeni: “Yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, joto ni 38.4,” kisha toeni kadi ya kliniki. Hapo hatakiwi kukaa foleni. Anahitaji kupimwa damu na kuanzishiwa antibiotiki ya mshipa mapema iwezekanavyo.

Chakula kiwe kimepikwa na kuliwa cha moto. Kachumbari ya barabarani isubiri, na mgeni mwenye mafua asalimie kwa simu, hata akinuna. Dawa ya kichefuchefu imezwe kwa saa zilizoandikwa, si mpaka atapike. Akipewa doksorubisini, ile dripu nyekundu, mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Ni rangi ya dawa.

Mionzi ina mambo yake. Kemo huzunguka mwili mzima, mionzi hulengwa mahali pamoja. Iwe Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, mgonjwa mara nyingi huenda Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, na kila dozi huchukua dakika chache bila maumivu. Kuruka siku hudhoofisha tiba, kwa hiyo anayetoka mkoani atafutiwe malazi kabla ya kuanza. Alama za wino alizochorwa zisisuguliwe, na ngozi ya hapo isipakwe mafuta bila kuuliza. Wajukuu wamkumbatie bila hofu: mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini.

Upasuaji ndio watu wanaouelewa zaidi, lakini haupaswi kutangulia kila mara. Uvimbe mkubwa wa titi, kwa mfano, huweza kupunguzwa kwanza kwa kemo. Muulizeni daktari mapema: kipi kinaanza, na tunakusudia kuponya au kupunguza makali? Mwenye saratani ya titi akiandikiwa tamoksifeni, ajue ni kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi, hata akijiona mzima kabisa.

Dawa za miti shamba watu wanatumia, tusidanganyane. Hata vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, ilitoka kwenye mmea wa maua wa Madagaska, ila kipimo chake kinajulikana. Za chupa hazina kipimo, na nyingine huumiza ini au figo zinazobeba kazi ya kuondoa kemo mwilini. Siku ya kliniki nenda na chupa yenyewe, daktari aione kabla dripu haijatundikwa.