Ncha, Lango na Uzi: Istilahi za Mawasiliano ya Tarakilishi kwa Mfano wa Olkaria

Utangulizi

Mijadala yetu kuhusu istilahi za tarakilishi mara nyingi hukomea kwenye orodha: neno la kigeni upande mmoja, la Kiswahili upande wa pili. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi hupimwa pale inapotumiwa kueleza jambo hatua kwa hatua. Jambo tulilolichagua ni programu inayohudumia wateja wengi kwa wakati mmoja kupitia mtandao.

Mfano wetu unatoka Olkaria, karibu na Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, ambako mvuke wa ardhini huzalisha umeme. Mitambo mitatu ya kwanza, kila mmoja wa megawati 15, ilianza kazi kati ya 1981 na 1985. Tuchukulie kwamba kila mtambo una tarakilishi yake, na zote tatu hutuma vipimo kwa seva moja. Mfano huu ni wa kufundishia tu. Hauelezi jinsi kituo chenyewe kinavyoendeshwa.

Ncha na lango

Programu mbili huwasiliana kupitia kitu ambacho wanateknolojia hukiita soketi. Kwa Mkenya, neno hilo tayari lina maana: tundu la ukutani la kuchomekea plagi. Akiambiwa kwamba huko Olkaria "soketi inasikiliza", mwanafunzi atautazama ukuta. Ilhali soketi ya programu ni upande mmoja wa mawasiliano, unaotambulishwa kwa anwani ya tarakilishi pamoja na nambari kati ya 0 na 65535. Tunapendekeza upande huo uitwe ncha, na nambari hiyo iitwe lango. Tafsiri sisisi ingetupa bandari, na kutupeleka Mombasa pasipo sababu.

Seva huunda ncha na kuifungamanisha na lango. Kitenzi "funga" hakifai hapa, kwa kuwa ndicho tutakachokihitaji mawasiliano yanapokatizwa. Kisha ncha husikiliza. Mteja hubisha hodi, seva humkaribisha. Papo hapo huzaliwa ncha mpya ya kuzungumza na mteja huyo pekee, nayo ile ya awali huendelea kusikiliza wengine.

Uzi na nyuzi

Seva inayofanya jambo moja baada ya jingine humkaribisha mteja wa kwanza, kisha hungoja vipimo vyake. Mteja huyo akinyamaza, seva hukwama, na wawili waliosalia husubiri langoni. Mshika mawili, wahenga walisema, moja humponyoka. Suluhisho ni kuigawa kazi: uzi mmoja ubaki langoni kukaribisha, na kila mteja apewe uzi wake. Mmoja akinyamaza, ni uzi wake tu unaosubiri.

Uzi ni istilahi bora kuliko thredi kwa sababu ya kisarufi. Katika ngeli ya U-ZI, umoja na wingi hujidhihirisha katika nomino yenyewe: uzi, nyuzi. Thredi isingebadilika umbo. Idadi yake ingetegemea upatanisho pekee, na kwenye jedwali, ambako neno husimama peke yake, tofauti hiyo ingepotea. Tukiri kwamba ncha ina upungufu uo huo. Ndiyo maana tunasema "ncha ya kusikiliza" kwa ile moja, na "ncha za mazungumzo" kwa zile nyingi.

Kufuli

Nyuzi nazo huleta tatizo lake. Tuseme kila uzi huongeza megawati za mtambo wake kwenye jumla moja. Uzi wa kwanza unasoma sifuri. Kabla haujaandika, wa pili nao unasoma sifuri. Wa kwanza unaandika 15, na wa pili unaandika 15 juu yake. Wa tatu unasoma 15 na kuandika 30. Jumla halisi ni 45. Megawati 15 zimepotea katika hesabu, ilhali mitambo yote inazunguka. Kosa hili hutokea mara mojamoja, kwa hivyo ni gumu kulinasa.

Dawa yake ni kufuli. Uzi uliolishika ndio pekee unaoruhusiwa kusoma na kuandika jumla, ukimaliza, huliachilia. Aidha, uzi usilishike huku ukingoja ujumbe wa mteja, la sivyo nyuzi zote zitarudi kwenye foleni ileile tuliyoikimbia.

Hitimisho

Kiini cha maelezo haya kimebebwa na maneno ya kila siku: hodi, karibisha, uzi, kufuli, shika, achilia. Palipohitajika uteuzi mpya, yaani ncha na lango, tulitazama kazi ya kitu kabla ya kukipa jina. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu wafanye jaribio moja: wamweleze mtu asiyesomea tarakilishi jinsi megawati 15 zilivyopotea. Neno litakalomfanya asimame na kuuliza ndilo linalohitaji kujadiliwa upya.