Mpaka wa Wadi Ukipita Katikati ya Mtaa

Swali: Naishi Nairobi. Mipaka ya wadi ikichorwa upya, maoni ya mwananchi wa kawaida husikizwa kweli, au wanasiasa huwa wameshaamua?

Jibu: Yana uzito, ndugu msomaji, hasa yakija na ushahidi. Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kinailazimu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) kushauriana na wote wanaohusika. Msingi ni idadi ya watu: jijini, wakazi wa wadi wanaweza kuzidi au kupungukia wastani kwa asilimia 40, si zaidi. Ndani ya nafasi hiyo ndipo sauti yako inapofanya kazi, kwa kuwa tume lazima iangalie pia maumbile ya ardhi, njia za mawasiliano, na uhusiano wa watu kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Sensa haionyeshi kwamba wakazi wa ng'ambo hii ya reli hununua, husoma na hutibiwa ng'ambo ile. Ninyi mnajua.

Kwa hiyo msiishie kusema "tusigawanywe". Pelekeni ramani, hata ya mkono, ikionyesha mstari mnaoutaka na majirani watakaohamishwa nao, maana wadi mkiipunguzia watu, nyingine itawapokea. Na kwenye kikao cha maoni waende wapangaji na wachuuzi pia! Kikao kikijaa wafuasi wa wagombea peke yao, tume itasikia masilahi ya wagombea.

Uamuzi ukishachapishwa katika Gazeti la Serikali, asiyeridhika ana siku 30 kwenda Mahakama Kuu, nayo hutakiwa kuamua ndani ya miezi 3.