MAFUNZO YETU: MIJI YA IRINGA NA MBEYA, NA KILICHOISIMAMISHA



Huenda mtauliza, sisi watu wa karafuu tuna haja gani na habari za miji ya bara iliyo mbali na bahari? Tunayo haja. Mji una kitu kilichouanzisha, kama shamba lilivyo na zao lake, na kitu hicho kikiondoka ndipo hujulikana kama mji una mizizi mingine. Tumechagua miji miwili ya Nyanda za Juu Kusini. Iringa ulianzia ngome, na Mbeya ulianzia dhahabu.

1. Ngome ya Kalenga

Watu wamekaa nchi ya Iringa tangu kale sana. Huko Isimila, mwaka wa 1951, ziligunduliwa zana za mawe za watu wa zamani za mbali mno. Lakini jina Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Ngome hiyo ilikuwa Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, mkuu wa Wahehe, nayo ilizungushiwa ukuta mkubwa.

Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, Wahehe walilivizia jeshi la Wajerumani wakamwua kiongozi wake, Emil von Zelewski, pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Ukuta ulivunjwa, bali Mkwawa alidumu porini karibu miaka 4 mingine, kwa kuwa watu wake walimlisha na kumficha. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona adui wamemfikia, alijipiga risasi asishikwe. Kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini halikurudi ila mwaka wa 1954, kutoka makumbusho ya Bremen. Likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Fuvu hilo likawekwa Kalenga.

2. Mji wa Wajerumani

Mwaka wa 1896, Tom von Prince alijenga kituo kipya juu ya kilima kiutazamao mto Ruaha Mdogo, kiasi cha maili 9 kutoka Kalenga. Wajerumani wakakiita Iringa Mpya. Walihamisha jina la ngome wakadhani nguvu nayo imehamia kwao. Miaka 20 haikupita sana. Mwaka wa 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliutwaa mji. Makaburi ya wanajeshi wa pande zote mbili yapo mjini, na jengo la boma leo ni makumbusho.

Basi ni nini kilichoushika mji, hali wenye ngome wote wawili wamekwenda zao? Ni soko, njia na shule. Wakulima wa vijiji waliendelea kuleta mahindi na maharagwe. Njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita chini ya kilima. Tena viko vyuo vikuu, na kimoja kina jina la Mkwawa, aliyeshindwa vitani.

3. Mbeya na dhahabu

Katika pande za kusini zaidi, kituo cha Wajerumani kilikuwa Tukuyu, nao walikiita Neu-Langenburg. Mbeya ni mji mchanga kuliko huo. Ulianza miaka ya 1920, wakati wa Waingereza, dhahabu ilipopatikana Lupa, upande wa Chunya. Wachimbaji wakamiminika kutoka kila pembe, na maduka yakafuata wachimbaji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili machimbo yalififia, na Chunya ikapoa kwa miaka mingi, hata siku hizi za karibuni uchimbaji ulipofufuka. Mbeya haikupoa. Ilikuwa imeshika njia ya Zambia, na ilizungukwa na mashamba ya kahawa Mbozi, chai Rungwe, na viazi na mahindi kila upande. Miaka ya 1970 ikaja reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China. Pale Uyole wataalamu wanachunguza mbegu na kufundisha ukulima. Leo Mbeya ni jiji.

4. Fundisho kwetu

Sisi visiwani tulikwisha kupata somo hili kwa machozi. Mwaka wa 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Aliyekuwa na mikarafuu tu, asubuhi ile aliamka hana kitu.

Hatusemi mkarafuu uachwe, hasha. Twasema Kalenga ilitegemea ukuta, Chunya ikategemea dhahabu, na kila mmoja ajitazame anategemea nini. Penye nafasi shambani na ipandwe minazi, mihogo, mdalasini au pilipili manga. Mtoto naye asitolewe shule kila msimu wa kuchuma, maana elimu ni zao lisilong'olewa na upepo.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya matawi

1. Kalenga ilipoanguka, ni nini kilichomlinda Mkwawa?
2. Kwa nini Mbeya haikupoa pamoja na Chunya?
3. Karafuu zikikosekana misimu miwili mfululizo, nyumba yako itakula nini?

Swali la tatu lijibiwe na kila mtu pamoja na mkewe au mumewe, nyumbani, kabla ya mkutano.