Mzee Anapohama Kibakwe: Haki Zake Juu ya Ardhi Anayoiacha

Katika Kibakwe na vijiji vingine vya wilaya ya Mpwapwa, wazee waliokuwa vijana wakati wa Operesheni ya Dodoma ya mwaka 1971 wanakumbuka vema kwamba kuhama kwao kwa kwanza, kutoka matembe yaliyotawanyika hadi kijiji cha pamoja, hakukuwa kwa shauri lao. Sasa baadhi yao, magoti yakiwa yamechoka na hospitali ikiwa mbali, wanatafakari kuwafuata watoto wao mjini Dodoma. Na safari hii uamuzi ni wao, maana Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia uhuru wa kwenda na kuishi sehemu yoyote ya Jamhuri, wala umri hauupunguzi uhuru huo, ukampa mtoto au shemeji mamlaka ya kumhamisha mzee pasipo ridhaa yake.

Hofu kubwa ni shamba. Aghalabu mzee huambiwa kwamba ardhi isiyo na hati ni ya kijiji tu, na mwenye kuondoka ameiacha. Hiyo si kweli. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay lililoamuliwa mwaka 1994, ilisema kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ikaipa milki ya kimila hadhi iliyo sawa na ile ya milki ya kupewa na serikali. Ila sheria hiyohiyo yasema kwamba ardhi isiyokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka 5 yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, baada ya taarifa kutolewa. Kwa hiyo mwachie ndugu alilime kwa niaba yako, na mwandikiane: jina lake, kwamba analima na hamiliki, na mipaka ya pande nne, korongo liko wapi, mbuyu uko wapi, jirani gani yuko upande gani, kisha mashahidi watie saini, na nakala ibaki katika ofisi ya kijiji.

Ukiazimia kuuza, ujue kwamba uhamisho wa milki ya kimila bila kibali cha Halmashauri ya Kijiji ni batili, na saini ya mwenyekiti peke yake, hata ikigongwa muhuri, haitoshi: uombe muhtasari wa kikao. Halmashauri hairuhusiwi kuridhia uhamisho utakaomnyima mwanamke haki yake ya kukalia ardhi. Zaidi ya hayo, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Naandika haya nikiwakusudia hasa akina bibi wanaopata habari ya mauzo siku mnunuzi anapofika na kamba ya kupimia.

Lakini dhuluma iliyo nzito kuliko zote, kwa rai yangu, hufanyika huko mjini, tena bila mtu yeyote kukusudia uovu. Mzee huuza shamba, akampa mwanawe fedha za kuongeza vyumba viwili katika kiwanja chenye hati ya jina la mwana peke yake. Mwana akifariki, au ndoa yake ikavunjika, mzee hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba matofali yale ni jasho lake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 yaruhusu watu wawili au zaidi kumiliki ardhi kwa pamoja au kwa hisa, majina yao yakaandikwa. Mzee na adai hilo kabla fedha hazijatoka mkononi mwake, na asione haya. Mtoto mwema hatakasirika.

Mzozo ukizuka kijijini, wa kwanza kusuluhisha ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao 3 kati yao ni wanawake. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya 2021, husuluhisha tu wala halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao humhudumia bila malipo, awasomeshe mkataba wote kabla ya kutia dole gumba.